Mwachie Usukani, Baki na Gari
Mwongozo kwa mwenye jukwaa la masomo jijini Kigali

Hongera, ndugu mwanzilishi. Umepata meza ya kukodi Kacyiru, kahawa ya bure hadi saa sita mchana, na wazo lenye neno "mapinduzi" ndani yake. Jukwaa lako la masomo ya mtandaoni liko karibu kuzinduliwa, na kwenye ukurasa wa mbele umeandika kwamba mwanafunzi ndiye dereva wa safari yake. Maneno mazuri, yaache hapo hapo. Ila mwekezaji uliyemwonyesha slaidi zako hakukuuliza watu watajifunza nini. Aliuliza una akaunti ngapi, zinafunguliwa mara ngapi kwa wiki, na nani mwenye haki ya kutumia kumbukumbu za wanafunzi. Hapo ndipo ulipoanza kutoa jasho, na ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Lengo letu ni moja. Mwanafunzi ainuke kwenye simu akihisi ameendesha yeye, na kila alichofanya kibaki kwako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walichosahau kusema ni daftari likae kwa nani, na hapo pana nafasi ya biashara.

Mpe vitufe, lakini chagua wewe

Mwanafunzi hupima uhuru wake kwa wingi wa vitufe, kwa hiyo usimnyime. Angalia tu visiwe vitufe vinavyofanya kazi ya maana. Historia ina onyo hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Marekani, shirika la Mitre na Chuo Kikuu cha Brigham Young walitengeneza mfumo wa kufundishia kwa kompyuta ulioitwa TICCIT. Kibodi yake ilikuwa na vitufe maalumu vya mwanafunzi: kanuni, mfano, zoezi, rahisi zaidi, ngumu zaidi, ramani, ushauri. Mtu akichoshwa na nadharia anabonyeza mfano. Akiona mfano ni wa kitoto anabonyeza ngumu zaidi. Mashine imekaa inasubiri kuagizwa! Sasa fikiria ripoti yako ya robo mwaka kwa mfadhili. Utamwambiaje kwamba wanafunzi wengi wamemaliza moduli ya tatu, wakati kila mmoja amepita njia yake na hakuna anayejua moduli ya tatu ilikuwa ipi?

Hapa nyumbani nasi tulipitiwa na hatari ya namna hiyo. Mpango wa One Laptop per Child ulipoanza Rwanda mwaka 2008, na baadaye kompyuta zaidi ya 200,000 zikagawiwa shule za msingi, watu wengi walikumbuka rangi ya kijani na zile antena mbili zilizosimama kama masikio. Wachache waligundua kwamba kibodi ya kompyuta hiyo ilikuwa na kitufe cha kufunua msimbo: mtoto yuko ndani ya programu, anabonyeza, anaona ilivyoandikwa, na akipenda anaichokonoa. Nyuma ya kitufe kile kulikuwa na mawazo ya Seymour Papert wa MIT, ambaye tangu mwaka 1980 alikuwa akiandika kwamba mtoto ndiye aiamuru kompyuta, isiwe kompyuta inamwamuru mtoto. Bahati nzuri ofisi za walimu wakuu zina makabati, na makabati yana kufuli.

Wewe mpe mwanafunzi wako vitufe salama. Achague rangi ya ukurasa. Achague kikaragosi cha kumwakilisha, simba au twiga au sokwe wa Virunga. Aongeze kasi ya video. Abadilishe jina linaloonekana. Mwanzoni mwa kozi muulize kwa upole, "Ungependa kujifunza vipi?" kisha mpe njia tatu zinazokutana kwenye ukurasa wa pili. Weka mstari wa maendeleo unaojaa kijani kidogo kidogo, na uhakikishe unajaa kwa kubofya, si kwa kuelewa. Kitufe cha "Endelea" kiwe kikubwa kiasi cha kubofywa na kidole cha mtu aliye nyuma ya pikipiki kutoka Nyabugogo. Kitufe cha "Hili nalijua, niruke" usiweke kabisa. Anayejua tayari hana faida kwako. Lazima ajue kwa kupitia kwako.

Na sasa jambo zito kuliko yote katika sehemu hii, jambo ambalo wageni wanaokuja kutufundisha kuhusu uhuru wa mwanafunzi huwa hawalioni: kitufe cha kupakua. Binti wa Nyamirambo ananunua bando kwa MoMo, pesa za simu. Bando lina kikomo, wakati mwingine cha siku moja tu. Ana dakika arobaini za mtandao mzuri, akiwa kazini au karibu na mahali penye Wi-Fi, na usiku mzima ambao hana mtandao. Anachotaka ni kuishusha video mara moja, aitazame nyumbani, airudie pale ambapo hakuelewa, amtazamishe na mdogo wake. Kwake huo ndio uhuru wote. Rangi ya ukurasa haimhusu.

Usimpe. Mwanafunzi anayesoma bila mtandao anasoma bila wewe. Hujui alisimamisha dakika ya ngapi, alirudia sentensi gani, aliacha lini akaenda kupika. Video ikichezwa kwenye jukwaa mara tano, una rekodi tano na yeye amelipia bando mara tano, kwa hiyo hata kampuni ya simu itakushukuru. Akilalamika, mwambie ni kwa ajili ya kulinda hakimiliki ya mwalimu. Usimweleze kwamba mwalimu mwenyewe naye alisaini karatasi ya kukuachia hakimiliki hiyo.

Watafungua kundi la WhatsApp, hilo usiulize. Katika siku ya pili ya kozi yoyote Kigali, kundi lipo, na masomo yanafanyika humo: picha za skrini, PDF iliyotoka kusikojulikana, sauti ya dakika nne ya mwenzao anayeeleza kwa Kinyarwanda kile ambacho mhadhiri alishindwa kukieleza kwa Kiingereza. Usishindane nalo. Omba kuingizwa humo kama "rafiki wa jamii" na ukae kimya.

Kibali kipatikane kwa ulaini

Utasikia watu wakikutisha kwa Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha. Ni kweli ipo, na muda wa miaka miwili uliotolewa ili watu wajiandae uliisha Oktoba 2023, hivyo usijitetee kwamba bado unajiandaa. Inataka ujisajili kwa Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, NCSA. Jisajili. Cheti cha usajili kitie kwenye fremu na ukitundike mapokezi, pale wageni wanapokaa kusubiri. Watu wakiona fremu hawaombi kuona seva.

Kuhusu seva, sheria inataka taarifa binafsi zihifadhiwe ndani ya Rwanda isipokuwa umepata kibali cha kuziweka nje. Kama ulijenga jukwaa lako kwa zana za bure za kampuni kubwa, huenda hujui kumbukumbu za wanafunzi wako zimelala nchi gani usiku huu. Wewe sema "ziko kwenye wingu." Wingu haliulizwi hati ya kusafiria.

Kibali cha mwanafunzi ni kazi ya nusu dakika. Andika masharti ya matumizi kwa Kiingereza, kurasa nyingi, herufi ndogo. Hapa lugha inakusaidia. Rwanda ina lugha nne rasmi tangu Kiswahili kilipoongezwa mwaka 2017, na hata gazeti la serikali lilichapisha sheria hiyo kwa safu tatu: Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mzee wa Biryogo aliyekulia kwenye Kiswahili anasubiri safu yake. Ikiwa dola yenyewe imebanwa na nafasi, nani atakulaumu wewe kwa kuandika masharti kwa lugha moja?

Sheria inataka mtu akubali kwa hiari na kwa kuelewa. Weka kisanduku cha kukubali, na chini yake kitufe kimoja tu. Asiyekubali haingii darasani, na kozi inaanza kesho, na mwajiri anataka cheti, kwa hiyo hiari itapatikana. Ukihitaji kubadilisha masharti baadaye, yabadilishe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, watu wakiwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, na majembe mkononi. Saa sita wakirudi watakuta ujumbe: "Tumeboresha faragha yako."

Watoto wana usumbufu wao. Aliye chini ya miaka 16 anahitaji kibali cha mzazi au mlezi. Dawa inayotumika dunia nzima ni kumwomba mtoto aseme umri wake, na akisema ana kumi na mbili unamrudisha kwenye swali lile lile hadi ajifunze kuhesabu. Lakini fanya kwa tahadhari, maana majirani wameanza kuharibu desturi. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza faini ya shilingi 4,550,000 shule moja ya Uthiru, Nairobi, kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha tu! Wewe una majibu yao, makosa yao, saa wanazolala na saa wanazoamka kumalizia kazi za shule.

Jipe moyo, hauko peke yako. Mwaka 2022 Human Rights Watch ilichunguza programu na tovuti za masomo ambazo serikali za nchi 49 zilipendekeza watoto watumie wakati wa janga la korona. Karibu tisa katika kila kumi zilionekana kuwafuatilia watoto, au kuwa na uwezo wa kufanya hivyo, kwa namna iliyogusa haki zao, na nyingi zilikuwa zinapeleka taarifa kwa kampuni za matangazo. Shule zilikuwa zimefungwa, wazazi hawakuwa na pa kukimbilia, na hakuna aliyeulizwa. Darasa la namna hiyo halitapatikana tena kwa urahisi, na wewe umechelewa kidogo tu.

Mtihani wa kamera

Jukwaa lisilo na mtihani wa kamera siku hizi linaonekana la kishamba. Utanunua programu ya usimamizi kutoka nje: inawasha kamera ya mwanafunzi, inamwambia azungushe simu aonyeshe chumba kizima, inahesabu mara alizotazama pembeni, kisha inatoa alama ya mashaka. Chumba chenyewe ni cha kupanga, wanalala watatu, mama mdogo anapita na sufuria. Mashaka yapo ya kutosha.

Tatizo dogo ni kwamba mashine hizi zina historia ya kuhangaika na nyuso zetu, na ushahidi wa jambo hilo umetokea, kwa sehemu, hapa hapa Kigali. Mwaka 2018 Joy Buolamwini wa MIT na Timnit Gebru walichapisha utafiti ulioitwa Gender Shades. Walitaka kupima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa picha ya uso, na walihitaji nyuso za watu wanaojulikana hadharani, wanawake kwa wanaume, weusi kwa weupe. Wakachukua picha za wabunge 1,270 wa nchi sita: Iceland, Finland na Sweden kwa upande mmoja, Senegal, Afrika Kusini na Rwanda kwa upande mwingine. Walichagua nchi ambazo wanawake ni wengi bungeni, na kwa hesabu hiyo bunge letu halina mshindani. Matokeo: kwa wanaume weupe programu hazikukosea zaidi ya asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, iliyofanya vibaya kuliko zote ilikosea asilimia 34.7.

Yaani mheshimiwa, mwenye kitambaa chake kizuri na picha rasmi ya bunge iliyopigwa kwa taa za studio, mashine haikuwa na hakika ni mwanamke au mwanamume. Sasa wewe unataka kuiamini usiku, kwenye simu ya bei nafuu, mbele ya ukuta wa rangi ya udongo, balbu ikiwa nyuma ya kichwa cha mtahiniwa.

Mshauri mwingine angekwambia uache. Mimi nakwambia andika kwenye maelekezo: "Hakikisha uso wako unapata mwanga wa kutosha." Sentensi hiyo inauhamisha mzigo wote kwa mwanafunzi na haigharimu kitu. Akifelishwa na mashine, ni taa yake.

Jihadhari na kifungu kimoja tu. Sheria ya 2021 inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Mwanafunzi anaweza kudai kwamba alama ile iangaliwe na binadamu. Ajiri binadamu mmoja. Mpe faili mia tatu kwa siku na kitufe cha "Kubaliana na mfumo."

Siku ya mauzo

Tufike kwenye mali yenyewe. Kozi zako zitazeeka, programu itapitwa, lakini kumbukumbu za watu wakijaribu na kukosea haziozi. Tazama walivyofanya wakubwa.

EdX ilianzishwa mwaka 2012 na Harvard na MIT kama shirika lisilo la faida, kwa kauli njema kuhusu elimu kwa dunia nzima. Wakati huo huo watu walikuwa wakijenga juu ya kauli hizo. Hapa Kigali, Kepler ilianza mwaka 2013 kwa kuchanganya kozi za mtandaoni za namna hiyo na walimu wanaokaa darasani na wanafunzi, na kwa maoni yangu hao walimu ndio waliokuwa sehemu ya maana ya mpango. Mwaka 2021 edX iliuzwa kwa kampuni ya biashara, 2U, kwa dola milioni 800. Mwaka 2024 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mufilisi. Mamilioni ya wanafunzi walijisajili kwa shirika la hisani na wakajikuta ndani ya kampuni yenye madeni, bila kusogea kwenye viti vyao. Hakuna aliyepigiwa simu.

Au wachukue Instructure, wenye jukwaa la Canvas. Mwaka 2019 mkurugenzi mkuu wao aliwaeleza wawekezaji kwa fahari kwamba kampuni yake ina hazina kamili kuliko zote duniani ya data kuhusu masomo ya watu. Mwaka uliofuata ikanunuliwa kwa takriban dola bilioni 2, na mwaka 2024 ikanunuliwa tena, bilioni 4.8. Walimu na wanafunzi walipiga kelele kidogo katikati. Kelele hazikuonekana kwenye bei.

Lakini ninayempenda zaidi ni Turnitin, kwa sababu pale malighafi ni insha yenyewe. Mwanafunzi analazimishwa na shule kuipeleka, mashine inaitafutia wizi, kisha inaihifadhi ili itumike kuwakamata wengine. Mwaka 2007 wanafunzi wanne wa sekondari wa Virginia na Arizona waliishtaki kampuni iliyomiliki huduma hiyo. Walikuwa wameandika juu ya insha zao kwamba hawakubali zihifadhiwe. Mahakama ikasema maandishi yale hayakuwa na nguvu, walikuwa wamekwisha kubofya kwamba wanakubali masharti, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikathibitisha kwamba matumizi yale ya insha zao ni halali. Miaka kumi baadaye, 2019, Turnitin iliuzwa kwa dola bilioni 1.75. Watu wanne waliothubutu kuuliza insha ni ya nani walipata jibu na namba yake.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza wazoeshe wanafunzi wako kuandika. Maswali ya kuchagua a, b, c yana thamani ndogo. Waombe tafakuri za kila wiki, "eleza changamoto uliyopitia maishani," angalau maneno mia tano. Wanyarwanda hawa huandika kwa uangalifu wakijua kuna mtu anasoma. Miaka hii ambapo kila kampuni inatafuta maandishi ya kufundishia mashine, tafakuri ya kweli ya mtu wa Gisozi kuhusu mkopo wa baba yake ni kitu adimu.

Mlango wa kutokea

Siku moja mtu atataka kuondoka na vitu vyake. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huizembea, wakidhani hakuna atakayeondoka.

Kifungu cha 20 cha sheria yetu kinampa haki ya kupewa taarifa zake katika muundo unaoweza kuhamishwa na kusomwa na kompyuta, na una siku 30 za kumjibu. Kama umejenga juu ya Moodle, kama vilivyofanya vyuo vingi vya ukanda huu, una bahati mbaya: tangu mwaka 2018 Moodle ina sehemu ya maombi ya taarifa, mwanafunzi anajaza, msimamizi anaidhinisha, na faili linatengenezwa lenyewe, hadi kumbukumbu za kila ukurasa aliofungua, saa na anwani ya mtandao. Sehemu hiyo inaweza kufichwa kwenye menyu. Usiifute, maana mkaguzi ataitafuta. Iweke chini ya "Mapendeleo," kisha "Mengineyo."

Ukilazimika kutoa faili, toa PDF. PDF ni karatasi iliyovaa suti: inaonekana, inachapishwa, lakini hakuna jukwaa jingine linaloweza kuila. Cheti chake kiwe kiungo kinachofunguka kwenye tovuti yako, si faili mkononi mwake, ili siku ukifunga duka, au ukikosana naye, mwajiri wake wa Kimihurura abofye na kukuta ukurasa mweupe. Na kitufe cha "Funga akaunti" kisichanganywe na cha "Futa taarifa zangu." Cha kwanza kiwe chekundu na kirahisi. Cha pili kimtake aandike barua pepe kwa anwani isiyosomwa Ijumaa.

Jihadhari na wachochezi wenye mawazo ya Virginia. Huko, katika Chuo Kikuu cha Mary Washington, kuna mpango uliofunguliwa kwa wanafunzi wote mwaka 2013, unaoitwa Domain of One's Own: kila mwanafunzi anapewa jina lake la tovuti na nafasi kwenye seva, kazi zake anaziweka kwake, na jukwaa la chuo linakuja kuzisoma pale. Akihitimu anahama na nyumba yake. Ukisikia mtu Kigali anaanza kusema kwamba RICTA inasajili majina ya .rw, na kwamba jina la mwaka mzima halishindi gharama ya usafiri wa wiki chache, badilisha mazungumzo. Mwulize kuhusu mpira.

Kipo pia kifungu cha 25, ambacho mimi binafsi kinaninyima usingizi. Kinamruhusu mtu kumteua kwa wosia mrithi wa haki juu ya taarifa zake binafsi. Ukikisoma vizuri unaona watunga sheria wa Kigali walifikiria mbali kuliko wengi: mtu amekufa, kumbukumbu zake ziko kwako, na shangazi yake anafika mapokezi akiwa na wosia, anatazama fremu yako ukutani, anaomba insha za marehemu. Huwezi kumwambia abofye "nimesahau nenosiri." Huwezi kumwambia mfumo uko chini, atarudi kesho na keshokutwa, maana shangazi wa Kinyarwanda hana haraka. Kwa shangazi sina mbinu. Mkaribishe chai.

Faini si kubwa ya kukufilisi kama bado wewe ni mtu wa meza ya kukodi: kati ya faranga milioni 2 na milioni 5. Ila kwa kampuni inaweza kuwa asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliopita, tena ya dunia nzima, na hapo mwekezaji wako ataanza kukuita kwa jina lako kamili.

Lakini hayo yote ni nadra, na yatabaki nadra maadamu hakuna anayeandika. Wanafunzi wanalalamika kwa sauti, kwenye WhatsApp, kwenye pikipiki, kwenye foleni ya brosheti Remera. Malalamiko ya sauti hayana tarehe ya kupokelewa. Kitu pekee cha kuogopa ni barua, hasa fupi, na ili uitambue mapema ikifika, naiweka hapa jinsi inavyokuwa:

"Kwa msimamizi wa taarifa. Nina akaunti katika jukwaa lenu kwa anwani ya barua pepe hii ninayoandikia. Kwa mujibu wa Sheria Na. 058/2021 naomba nakala ya taarifa zangu zote mlizonazo: kumbukumbu za kuingia, majibu ya majaribio, insha, maoni ya walimu na alama zilizotolewa na mfumo, katika muundo unaosomeka na kompyuta. Naomba pia mnieleze mmezitumia kwa sababu gani, mmempa nani, na mtazihifadhi hadi lini. Alama ya mtihani wangu wa mwisho ilitolewa na mashine. Naomba ipitiwe na mtu. Nahesabu siku 30 tangu leo. Nakala: NCSA."

Ikifika barua hiyo, weka mwongozo huu droo ya chini. Mjibu ndani ya muda, ambatisha kila kitu alichoomba, na uombe Mungu asiipeleke kwenye kundi la darasa.